Tuzipime kwa Takwimu Programu Zinazokokotoa Alama za Watoto

Katika vyuo vyetu vya ualimu somo la takwimu limezoea kufundishwa kama ufundi wa kuchora. Mwanachuo hujifunza kuchora grafu, kugawa duara katika vipande na kutafuta wastani wa alama za darasa, kisha hufunga daftari. Hakuna ubaya katika kuchora. Lakini ni maoni yangu kwamba kwa kuishia hapo tumeiacha nje kazi iliyo kubwa zaidi ya takwimu, nayo ni kutuambia tukiamini kitu kwa kiasi gani. Na katika miaka hii kimetokea kitu kinachodai kupimwa hivyo kila muhula, tena mikononi mwa mwalimu wa shule ya msingi mwenyewe: programu ya kompyuta inayojumlisha alama, kutoa madaraja na kuwapanga watoto kwa nafasi.

Mabadiliko haya hayakuja kwa siku moja. Mwaka 2012 Baraza la Mitihani la Tanzania lilianza kutumia mashine kusoma majibu ya mtihani wa darasa la saba, na watoto wakajifunza kusiliba, yaani kutia kivuli cha penseli juu ya herufi ya jibu. Baadaye usajili wa wanafunzi wa shule za msingi ukaingia katika mfumo wa PReM wa Baraza hilo hilo. Sina neno hapa juu ya mifumo hiyo mikubwa, ambayo ina wataalamu wake. Ninayoisemea ni ile programu ndogo isiyo na mwenyewe: jedwali la Excel lililotungwa na mwalimu mmoja mwenye kipaji, likanakiliwa kwa flashi hadi shule ya pili na ya tatu, kila mmoja akiongeza safu yake na kufuta ya mwenzake, hata hakuna tena anayezijua kanuni zote zilizomo ndani yake. Jedwali hilo ndilo linalomwarifu mzazi kwamba mtoto wake amekuwa wa 14 au wa 41. Ukiuliza kama linahesabu sawasawa, utajibiwa kwamba lilijaribiwa likatoa majibu sahihi. Swali langu ni hili: lilijaribiwa mara ngapi, na kwa majina yaliyopatikanaje?

Swali hilo si geni kwa watu wa Mlowo. Mji huu wa Wilaya ya Mbozi, ulioko kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, ni mji wa nafaka na kahawa, na mnunuzi wa mahindi hafungui kila gunia na kulimwaga chini. Huchukua bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji, hulichoma gunia ubavuni, na punje chache zikamteremkia kiganjani. Kwa punje hizo hukata shauri juu ya gunia zima. Mnunuzi mgeni huchoma juu tu, mahali ambapo mahindi mazuri yamewekwa yamlaki. Mzoefu huchoma juu, kati na chini. Tena huchagua mwenyewe magunia ya kuchoma, wala hamwachii muuzaji amchagulie. (Habari ya lumbesa tuiache, hiyo ni dhuluma ya kipimo kingine.) Huyu mzoefu huenda hajapata kusikia neno takwimu, ila anaifanya: kutokana na sehemu ndogo anapata imani yenye kiasi juu ya kitu kizima, na anajua kwamba imani hiyo inategemea idadi ya michomo na namna alivyoichagua.

Wapo watakaonipinga, na hoja yao ina uzito. Watasema kwamba gunia lina punje nzima na punje mbovu, kwa hiyo nasibu imo ndani yake. Lakini programu haina nasibu. Ukiipa alama zile zile leo na kesho, itatoa jibu lile lile. Ama ni sahihi au si sahihi, na mtu hawezi kusema kwamba ni sahihi kwa asilimia 95. Ni kweli. Lakini nasibu ninayoisema haimo ndani ya programu, imo katika mambo yanayoijia. Hatujui ni mtoto yupi atapata alama zipi, wala ni nani atakosa mtihani kwa sababu ya homa. Programu yenye kosa ni kama gunia ambalo punje zake mbovu zimetulia mahali pamoja: hazihami, ila hatujui mkono ujao utaangukia wapi. Tunachokipima ni uwezekano kwamba mtoto ajaye ataangukia penye kosa.

Tuchukue mfano mdogo ambao kila mwanachuo anaweza kuuhesabu. Katika shule zetu za msingi somo moja huwa na alama 50. Daraja A ni alama 41 hadi 50, B ni 31 hadi 40, C ni 21 hadi 30, D ni 11 hadi 20, na E ni 0 hadi 10. Tuseme mtungaji wa programu ameandika kwamba A ni alama iliyo kubwa kuliko 41, badala ya 41 au zaidi. Kwa uzembe huo wa kialama kimoja, kila mtoto apataye 41 kamili atapewa B. Alama zinazowezekana ni 51, kuanzia sifuri hadi 50, na kosa limejificha katika moja tu. Mwalimu akiijaribu programu kwa alama 20 zilizochotwa kwa nasibu, yaani bila yeye kuzichagua, kila jaribio lina nafasi 50 katika 51 za kupita bila kuligusa kosa. Zidisha 50/51 kwa yenyewe mara 20, utapata takriban 0.67. Maana yake ni kwamba walimu 100 wakifanya majaribio 20 kila mmoja, wapatao 67 watarudi wakisema kwa moyo safi kwamba programu haina kosa. Kwa majaribio 50 watadanganyika 37. Hata kwa majaribio 150 watabaki 5.

Mwenye haraka atasema: basi tujaribu alama zote 51, yaishe. Kwa somo moja anasema kweli, na afanye hivyo. Lakini mtihani wa darasa la saba una masomo sita, na programu huyajumlisha yote kabla ya kutoa nafasi. Ukizidisha 51 mara sita kwa yenyewe, michanganyiko ya alama inafika 17,596,287,801. Anayejaribu mmoja kila sekunde, usiku na mchana, atamaliza baada ya miaka zaidi ya 550. Na hapo hatujamgusa mtoto aliyekosa mtihani, aliyehamia katikati ya mwaka, wala wale wawili waliolingana nafasi. Hatuna budi kuchota sehemu, na tukisha kuchota sehemu tumeingia katika takwimu, tupende tusipende.

Takwimu inatupa kanuni moja nyepesi ambayo ningependa kila mwanachuo aende nayo kazini. Ukifanya majaribio yaliyochotwa kwa nasibu na yote yakatoka sahihi, gawa 3 kwa idadi ya majaribio hayo. Jawabu ndilo kiwango cha makosa ambacho unaweza kusema, kwa imani ya asilimia 95, kwamba programu haikipiti. Kanuni hii ni mtoto wa hesabu ile ile ya 50/51: kama makosa yangekuwa mengi kuliko kiwango hicho, majaribio yote kutoka safi kungetokea chini ya mara 5 katika 100. Kwa hiyo majaribio 100 safi yanakupa haki ya kusema kwamba makosa hayazidi 3 katika kila 100. Hayakupi haki ya kusema kwamba hakuna kosa. Katika shule yenye wanafunzi 900, hao 3 katika kila 100 ni watoto 27 (hesabu kamili inashuka hadi 25 hivi, kwa kuwa shule ina mwisho na hatumchoti mtoto yule yule mara mbili). Ukitaka kusema kwamba makosa hayazidi 1 katika 1,000, utahitaji majaribio 3,000 safi. Na kama jaribio moja katika hayo limetoka na kosa, ile 3 ya kanuni inakuwa karibu 5.

Wanachuo wengi wakiona hesabu hii mara ya kwanza hushangaa kwamba imani ni ghali kiasi hicho. Mimi naona ni heri washangae chuoni kuliko kushangazwa na mzazi aliyekuja ofisini na karatasi ya mwanawe mkononi.

Kanuni ina masharti, na hapo ndipo watu huanguka. Sharti la kwanza ni lile la bambo: majaribio yatoke mahali pote ambapo kazi yenyewe itatoka. Mwalimu anayechukua majina 20 ya mwanzo ya rejista na kuyahesabu kwa mkono amechoma gunia juu. Majina ya mwanzo yako pale tangu Januari, alama zake zimejaa, hayana pengo. Makosa ya majedwali hupenda kukaa chini. Yuko mtoto aliyehamia mwezi wa Julai akaandikwa mstari wa mwisho, ambao kanuni ya jumla haikuufikia. Yuko aliyekosa mtihani akajaziwa sifuri badala ya nafasi tupu, wastani wa darasa zima ukashuka naye. Dawa si ngumu: andika namba za watoto wote katika vikaratasi, vitie katika kofia, changanya, chota. Wala kujaribu jina moja mara mia si majaribio mia. Ni jaribio moja lililorudiwa.

Kampuni ya Intel ya Marekani ilijifunza sharti hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1994 Thomas Nicely, profesa wa hisabati, aligundua kwamba Pentium, kile kipande kinachofanya hesabu ndani ya kompyuta, kilikosea kugawanya baadhi ya namba. Intel ilijitetea kwamba kosa lingetokea mara moja katika migawanyo bilioni 9 ya nasibu, na kwamba mtumiaji wa kawaida angelikuta mara moja katika miaka 27,000. IBM ikapiga hesabu yake kwa namba za aina ambayo watu huzigawanya hasa katika majedwali, na kwa kazi nyingi zaidi kwa siku, ikapata kwamba kosa laweza kumtokea mtu kila baada ya siku 24. Wote wawili walitumia takwimu. Walitofautiana juu ya mahali pa kuchoma bambo. Intel ilikubali hatimaye kuvibadilisha vipande hivyo, na ikatenga dola milioni 475 kwa hasara hiyo.

Mwanachuo mwerevu ataniuliza: kwa nini nichote kwa nasibu, ilhali najua kwamba makosa hukaa mipakani? Nikijaribu 0, 10, 11, 20, 21, 30, 31, 40, 41 na 50, majaribio kumi tu, nimelikamata lile kosa la 41 ambalo walimu 5 katika 100 hawakulipata hata kwa majaribio 150. Anasema sawa kabisa, na mimi ningeanza na hayo kumi. Lakini kazi hizi mbili zisichanganywe. Majaribio ya mipakani ni ya kuwinda kosa. Majaribio ya nasibu ni ya kupima imani iliyobaki baada ya mawindo. Yale kumi huwezi kuyahesabu katika kanuni ya 3, maana hukuyachota bali uliyachagua, na kuyachagua kwako hakusemi lolote juu ya watoto 900 watakavyotokea. Mwindaji aliyerudi mikono mitupu hajathibitisha kwamba msituni hamna mnyama. Amethibitisha kwamba pale alipotega hapakupita kitu.

Sharti la pili linaudhi, na ndilo linalovunjwa kila siku. Programu iliyorekebishwa ni programu nyingine. Ukiona kosa katika jaribio la 80 ukalitengeneza, yale majaribio 79 safi hayakufai tena kwa hesabu; yalikuwa ya jedwali la jana. Unaanza upya kutoka moja. Vivyo hivyo mwenzako akiongeza safu ya somo jipya, au akifuta mstari wa mtoto aliyehama. Najua mwalimu mwenye madarasa mawili na vipindi thelathini kwa wiki atanuna akisoma maneno haya. Basi na alifunge jedwali lisiguswe muhula mzima. Huo ni wepesi kuliko kulipima kila Ijumaa.

Kipimo hiki chenyewe kina mahali kinapoishia, na yafaa mwalimu apajue. Katika usafiri wa anga hitilafu iwezayo kuangusha ndege hutakiwa isizidi takriban moja katika saa bilioni moja za kuruka. Tia namba hiyo katika kanuni yetu: tutahitaji saa bilioni 3 za kuruka bila kosa, ambazo ni zaidi ya miaka 340,000 kwa ndege moja isiyotua. Wataalamu wawili wa shirika la NASA, Ricky Butler na George Finelli, waliyaeleza hayo mwaka 1993: imani ya kiwango hicho haipatikani kwa kujaribu. Kwa sababu hiyo programu za ndege hukaguliwa pia kwa jinsi zilivyotungwa, kila sharti na kila mstari, badala ya kuhesabiwa tu saa zake safi.

Na hata hivyo ajali hutokea. Tarehe 29 Oktoba 2018 ndege ya Boeing 737 MAX ya shirika la Lion Air ilianguka baharini huko Indonesia, wakafa watu 189. Programu yake iitwayo MCAS, iliyotungwa kuisukuma pua ya ndege chini kwa kutegemea kipimo kimoja cha nje, ililetewa namba mbovu na kipimo hicho ikaitii. Mwezi wa Desemba mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilikuwa na hesabu ya takwimu mezani: bila marekebisho, ndege za aina hiyo zingeweza kupata ajali zaidi ya 15 katika maisha yao yote. Zikaachwa ziruke huku programu ikitengenezwa. Tarehe 10 Machi 2019 ndege nyingine ya aina hiyo, ya Ethiopian Airlines, iliondoka Addis Ababa kuja Nairobi, ikaanguka baada ya dakika sita. Walikufa watu wote 157 waliokuwamo, na 32 kati yao walikuwa Wakenya.

Nimeuleta msiba huu, wa ndege iliyokuwa ikija kwetu Afrika Mashariki, kwa sababu unatenganisha mambo mawili tunayoyachanganya. Takwimu ilitaja hatari. Kuivumilia hatari hiyo ulikuwa uamuzi wa watu, na takwimu haiwezi kuwabebea. Mwalimu naye atakutana na jambo hilo kwa udogo wake. Makosa 3 katika kila 100 yaweza kuvumiliwa katika zoezi la Ijumaa, ambalo mtoto atarudishiwa daftari na kulalamika papo hapo. Katika taarifa ya mwisho wa mwaka, inayokwenda kwa mzazi na kubaki katika faili, mimi sioni mwalimu atakayeyavumilia; huko akae na mwenzake wahesabu kwa mkono watoto wote walio karibu na mipaka ya madaraja, kisha wengine kwa kuchota. Tena wahesabu kabla ya kutazama jibu la kompyuta. Aliyekwisha kuliona jibu hulifikia hata kwa njia mbaya.

Kwa hiyo napendekeza kwamba katika vyuo vyetu vipindi viwili au vitatu vya takwimu vitolewe katika kuchora grafu, vitumike kwa jambo hili; na mwanachuo aendapo kwenye mazoezi ya kufundisha aombe jedwali la shule, alipime, aandike chini yake idadi ya majaribio, tarehe, na ni nani aliyehesabu kwa mkono. Hakihitajiki kifaa ambacho shule haina. Hata umeme hauhitajiki, kwani msingi wa hesabu hii waweza kufundishwa darasa la saba kwa mahindi.

Chukua vibuyu au makopo sita. Katika kila kimoja tia punje 50 nyeupe na punje moja ya njano, zenye ukubwa sawa. Gawa darasa katika vikundi vya watoto watano. Kila mtoto achote punje moja bila kutazama ndani, aandike rangi yake, airudishe, atikise, achote tena, hadi mara 20. Kwa vikundi sita hilo huchukua nusu ya kipindi cha dakika 40. Kisha waulize walioiona ya njano wasimame. Katika watoto 30 tazamia wasimame kama kumi. Siku nyingine watakuwa saba, siku nyingine kumi na tatu, na tofauti hiyo nayo iandikwe ubaoni. Wale waliokaa, ambao ndio wengi, waulize kibuyuni mna nini. Watasema: punje nyeupe tupu. Waache waseme, tena uwaandikie kauli yao ubaoni kwa herufi kubwa, kabla ya kuwaruhusu kumwaga punje mezani. Atatokea mtoto wa kuuliza ni mara ngapi angechota ndipo awe na haki ya kusema hivyo. Usimpe jibu siku hiyo. Mpe kibuyu arudi nacho nyumbani, achote mara 150, alete daftari kesho.